Mgonjwa wa Handeni

Fundi aliyeitwa kutoka Tanga aliipima gereji kwa miguu yake, akagonga sakafu kwa kisigino, akataja bei ya kuipaka rangi. Twaha, aliyekuwa Dar es Salaam akisikiliza kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa, alicheka.

"Kwa hela hiyo si bora nijenge gereji nyingine," alisema. "Kaka Mhina, mpe nauli yake aende."

Mhina alimpa fundi nauli, akamsindikiza hadi getini. Nyumba ile ya Kilole, mjini Korogwe, ilikuwa ya Twaha, mdogo wake. Mhina na mkewe Fatu walikaa chumba cha uani, wakiilinda, wakiifagia na kumwagilia maua ya mbele. Walihamia Korogwe mwaka ule mahindi yao ya Handeni yaliponyaukia shambani kwa mara ya pili mfululizo, na ukuta wa nyuma wa nyumba yao ya udongo ulikuwa umekwisha kuanguka. Pale mtaani Mhina aliitwa mzee wa kwa Twaha, naye alikuwa ameshazoea kuitika.

Jioni Twaha alipiga tena.

"Kaka, nimeona video. Hii rangi ya epoksi mtu anaipaka mwenyewe, gereji ya nyumbani kwake. Mzungu mmoja mnene amepaka na mkewe, hata jasho hawakutoka. Wewe una mkono, ndiye uliyejenga vyoo vya msikiti kule kwetu. Nakutumia ndoo kwa basi."

"Sijawahi kuishika rangi hiyo, Twaha."

"Rangi ni rangi, kaka. Hii ina dawa yake tu ya kuigandisha, wanaiita hadena. Unachanganya, unapaka, inakuwa kioo. Wakwe wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mvua ikinyesha tutawalisha mle gerejini. Sitaki wakae juu ya madoa ya oili kama wako stendi."

Wakwe hao walikuwa watu wa Morogoro, ndugu wa kijana aliyemposa Yusra, binti mkubwa wa Twaha. Yusra alilelewa na Fatu kule Handeni tangu alipoachishwa ziwa hadi alipoanza shule, mama yake alipokuwa chuoni, na mpaka leo alimwita Mhina "baba" bila kuongeza "mkubwa." Jumamosi hiyo mahari ingeletwa, na kwa kuwa baba wa Twaha na Mhina hakuwa hai, Mhina ndiye angewapokea wageni na kulisema neno la ukoo.

"Habari zako nimeshawapa," Twaha alisema. "Nimewaambia kaka yangu ni mkulima mkubwa, mzee wa Handeni anayesikilizwa. Mle kwenye mzigo nimekuwekea na kanzu."

Mhina alikata simu, akabaki ameishika.

"Mkulima mkubwa," alimwambia Fatu.

"Si unalima," Fatu alisema. Nyuma ya chumba chao kulikuwa na tuta la mchicha.

* * *

Mzigo ulifika na basi la jioni: ndoo mbili kubwa za rangi ya kijivu, makopo mawili ya hadena, rola mbili, na kanzu ndani ya mfuko wa nailoni. Maandishi ya kwenye ndoo yalikuwa ya Kichina upande mmoja na ya Kiingereza upande wa pili. Mhina aliyasoma ya Kiingereza kwa kidole, akaambulia tarakimu. Video aliyotumiwa aliitazama mara nyingi hadi bando likaisha. Mzungu alisema maneno mengi, kwa haraka, na kila aliposema jambo lililoonekana la maana aliinua kidole na kutikisa kichwa. Mhina alielewa kwamba palikuwa na jambo halitakiwi. Hakuelewa ni lipi.

Lililoeleweka alilifanya. Walimwaga sabuni ya unga kwenye madoa ya oili wakasugua kwa brashi ya waya. Sakafu ilikuwa ya zege lililopigwa niru, laini kama sahani, na yule Mzungu alikuwa na mashine ya kuikwaruza. Mhina alikuwa na msasa. Walikwaruza kwa magoti, yeye na Fatu, wakianzia ukuta wa nyuma, mpaka ncha za vidole zikawa hazisikii moto wa chai.

Mvua za masika zilikuwa hazijaisha. Kila alasiri wingu lilishuka kutoka milima ya Lutindi, likanyesha, likaondoka. Ndani ya gereji palikuwa pakavu. Lakini asubuhi moja Fatu aliinua mfuko wa nailoni uliolala sakafuni, akamwita mumewe.

"Baba Maryamu, njoo uone. Chini yake maji."

Mhina alipapasa. Zege chini ya mfuko lilikuwa na umande, na rangi yake imekoza.

"Sakafu inatoka jasho," Fatu alisema. "Hii rangi itashikaje juu ya maji?"

Mhina alimpigia Twaha. Alieleza taratibu, kwa sababu alijua sauti yake ikiharakisha huonekana kama ya mtu anayeomba. Alisema sakafu ina maji kwa chini, mvua zinaendelea, kama ingewezekana wangoje kiangazi, na kwa shughuli ile watandike mikeka mizuri.

Nyuma ya Twaha zilisikika honi.

"Kaka, rangi nimeshanunua. Kama hutaki kazi niambie, nimtafute mtu."

"Sijasema sitaki."

"Basi paka, kaka. Itakauka. Kila kitu hukauka."

* * *

Walipaka Jumatano. Mhina aliamua kuzichanganya ndoo zote mbili kwa mara moja ili rangi isitofautiane, upande huu usiwe mweupe na ule mweusi, watu wakacheka. Alizimimina ndani ya pipa la plastiki la kuwekea maji, akamimina na hadena zote mbili, akakoroga kwa mti wa mwiko mpaka rangi ikawa moja. Harufu yake ilipanda puani ikachoma. Fatu alijifunga kanga usoni.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Mhina alianzia ukuta wa nyuma akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na pale rola ilipopita palibaki panang'aa kama maji yaliyotulia. Fatu alisimama mlangoni akatazama.

"Kumbe ni kazi tu," alisema.

"Ni kazi tu," Mhina alikubali, na kwa muda mfupi aliona raha. Alimwona Mzee Mhina wa Handeni amesimama pale na kanzu yake, wageni wakimsikiliza, sakafu ikimulika chini ya miguu yao.

Alipokuwa amefika katikati ya gereji, aliingiza rola ndani ya pipa ikatoka na nyuzi, kama za uji ulioungua. Alikoroga kwa mti. Ulikuwa mzito. Akaligusa pipa kwa nje, akaondoa mkono kwa haraka. Lilikuwa la moto.

"Fatu. Nani kaweka moto hapa?"

Hakuna aliyeweka moto. Rangi ilikuwa inajipika yenyewe. Moshi mwembamba ulianza kupanda kutoka ndani ya pipa, na plastiki ya ubavuni ikaanza kulegea.

"Imwage," Fatu alisema. "Imwage yote chini, uitawanye."

Lakini machoni pa Mhina ile ilikuwa mali ya mtu. Aliogopa kuimwaga. Alikimbilia chupa ya tina ya kulainishia rangi iliyokuwa dirishani, akaimimina yote ndani ya pipa na kukoroga kwa nguvu mpaka mti ukavunjika. Ile ya juu ililainika, ya chini ilikuwa imeshakuwa jiwe. Aliikomba ile ya juu kwa mikono, akaitawanya kwenye nusu ya sakafu iliyobaki, kwa rola, kisha kwa ufagio, kisha kwa kipande cha gunia. Iliruka ikamwingia kwenye nywele, kwenye nyusi, mikononi hadi viwikoni. Alipofika mlangoni na kusimama, miguu yake ilikuwa ya kijivu mpaka vifundoni.

Walikaa nje kwenye ngazi. Ndani ya pipa kitu kilipasuka kwa sauti ndogo kikinyauka.

"Labda itakauka," Mhina alisema.

Alhamisi haikukauka. Ijumaa haikukauka. Nusu ya mlangoni ilikuwa ulimbo mtupu. Kuku wa jirani aliyeingia alitolewa kwa mkono, na manyoya ya miguu yake yakabaki. Nusu ya nyuma, ile iliyokuwa ikimulika, ilianza kutoa malengelenge. Mhina alibonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka na kutoa maji.

Aliosha mikono kwa sabuni ya mche. Sabuni iliisha, kijivu kikabaki.

* * *

Twaha aliingia Ijumaa jioni na mkewe, watoto, na gari lingine lililobeba viti na turubai. Aliteremka, akamwamkia kaka yake shikamoo kama alivyofundishwa, na Mhina akaitikia marahaba akiwa ameweka mikono nyuma.

Twaha alifika mlangoni mwa gereji, akaingiza mguu mmoja. Alipotaka kuurudisha, mguu ulirudi na kiatu kikabaki.

Mke wa Twaha alicheka, kisha akaona uso wa mumewe akanyamaza. Yusra ndiye aliyeinama akakivuta kile kiatu kwa mikono miwili. Soli ilitoka na utando mrefu wa kijivu.

"Kaka," Twaha alisema. Hakupandisha sauti, na hilo Mhina aliliona ni baya zaidi. "Ulifuata video?"

"Nilifuata nilivyoielewa."

"Ungeniambia huielewi."

Mhina alitaka kusema, nilikuambia sakafu ina maji. Aliyaona maneno yale yalivyo, akaona yatasikika kama ya mtoto mbele ya mke wa Twaha, mbele ya dereva wa lile gari la viti aliyekuwa amesimama na kiti kichwani akisikiliza. Akasema, "Ni kweli."

"Sasa tutafanyaje? Wageni ni kesho mchana." Twaha alizunguka uwanja akitazama mbingu. "Tutafunga turubai hapa nje. Lakini mvua ikija hatuna pengine. Kaka, asubuhi na mapema uikwangue yote ya hapo mlangoni, kwa petroli, kwa kisu, kwa chochote. Ikitoka tutatandika zulia juu. Halafu uoge uvae, wasikukute hivyo."

"Sawa."

"Na hiyo rangi ya mikononi itoke."

"Sawa, Twaha."

Chumbani Fatu alikuwa ameipiga pasi kanzu na kuitundika kwenye msumari. Mhina aliipita bila kuigusa, kwa kuogopa kuichafua.

* * *

Wageni hawakungoja mchana. Walikuwa wamelala nyumba ya wageni pale pale mjini Korogwe, wakanywa chai, wakaona hakuna sababu ya kukaa bure. Gari lao liliingia getini asubuhi Mhina akiwa amepiga magoti mlangoni mwa gereji, kisu mkononi, suruali imekunjwa, akiukwangua ule ulimbo na kuukusanya kwenye karai. Ulikuwa unatoka, lakini polepole, kama ngozi ya kitu kilicho hai.

Aliyeteremka wa kwanza alikuwa Mzee Muhidini, baba mdogo wa kijana mwoaji na msemaji wa ujumbe wao, mtu mwenye ndevu fupi nyeupe na sura ya upole. Alimwona Mhina, akamsogelea.

"Pole na kazi, fundi."

Mhina aliinuka nusu. Twaha alikuwa anakuja kutoka mlango wa nyumba akifunga kifungo cha shati. Macho ya ndugu wawili yalikutana juu ya bega la mgeni. Mhina alingoja. Ilikuwa kazi ya mwenye nyumba kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

Twaha aliitazama suruali iliyokunjwa. Akaitazama mikono, na nyusi zenye kijivu.

"Karibuni, karibuni sana wazee wangu," alisema. "Piteni huku, hapo pananuka rangi."

"Asante, nishapoa," Mhina alimjibu Mzee Muhidini, akarudi magotini.

Waliketi chini ya turubai, hatua chache tu kutoka gerejini. Wanawake waliingia ndani, wanaume wakapewa juisi. Mhina alisikia kila kitu. Alisikia salamu na habari za safari. Kisha Mzee Muhidini akakohoa kidogo, kwa namna ya mtu anayeingia kwenye shughuli.

"Bwana Twaha, sisi tumekuja tukijua kwamba kaka yako mkubwa ndiye atakayetupokea. Ulitusifia sana habari zake. Tumngoje?"

Kisu cha Mhina kilisimama.

"Kaka," Twaha alisema. "Kaka ameamka vibaya, mzee. Yuko Handeni. Alitaka kuja kwa kila hali lakini hakuweza kusafiri. Ameniruhusu niseme kwa niaba yake."

"Inna lillahi. Ni nini?"

"Presha. Na mgongo. Mambo ya umri."

"Basi kabla ya yote tumwombee mgonjwa."

Wakainua mikono. Mzee Muhidini aliomba kwa sauti nzuri, ya kituo. Aliomba Mungu ampe Mzee Mhina afya, amwinue kitandani, amjaalie kuiona ndoa ya binti yake. Na kule gerejini Mhina, ambaye tangu utoto hakuwahi kusikia dua akaacha kuiitikia, aliinua mikono yake ya kijivu pamoja nao akasema, "Amin."

Fatu alikuwa amekuja na birika na beseni kuwanawisha wageni. Alikuwa anammiminia maji kijana wa mwisho wa safu pale aliposikia "yuko Handeni." Aliendelea kumimina. Kijana alikwisha kunawa, akaviondoa vidole vyake, na Fatu aliendelea kumimina mpaka beseni likafurika na maji yakamwagika kwenye viatu.

"Basi, mama," kijana alisema kwa adabu. "Inatosha."

* * *

Hakurudi jikoni. Aliliacha birika ngazini akaingia gerejini kwa mlango mdogo wa nyuma, akapita juu ya malengelenge.

"Kavae kanzu," alisema kwa sauti ya chini. "Vaa utoke."

"Na mikono hii?"

"Na mikono hiyo hiyo. Watu wote wana mikono."

"Wameniona, Fatu. Wameshanipa pole."

"Watakupa pole ya pili. Utawaambia ndiye wewe, ulikuwa unamfanyia mdogo wako kazi. Kuna aibu gani?"

Mhina aliipangusa ncha ya kisu kwenye gunia. "Nikitoka sasa, Twaha ni mwongo mbele ya wakwe. Amewaombesha dua ya uongo. Watu wakisikia hivyo wataondoka na mahari yao, na nani ataumia? Si Twaha. Ni yule mtoto wako."

"Mtoto wetu ndiye anayeolewa bila wewe."

"Mimi si niko hapa."

"Uko Handeni," Fatu alisema. "Unaumwa presha."

Alitazama huku na huku kama anayetafuta kitu cha kushika, hakukiona, akatoka. Baada ya muda sauti ya mchi wake ilisikika jikoni ikitwanga kitunguu saumu kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mahari ilikabidhiwa. Twaha alisema neno la ukoo. Alilisema vizuri, maana alikuwa msemaji, lakini alikosea mpangilio wa majina ya mababu, akamtanguliza aliyezaliwa nyuma. Hakuna mgeni aliyejua. Mhina midomo yake ilijisogeza ikayapanga sawa.

Waliposhika chakula, Mzee Muhidini alisikika akisema, "Na yule fundi naye apelekewe, harufu ya pilau inamfikia bure." Yusra, aliyekuwa mlangoni mwa nyumba, akasema yeye atapeleka.

Alikuja na sahani iliyofunikwa na glasi ya maji, amevaa gauni la kijani, mikono na miguu ina hina mpya. Mgongo wake ulikuwa upande wa wageni. Alifika pale alipokuwa Mhina, na kama alivyokuwa akifanya tangu mtoto akimletea chakula, alianza kushuka magoti.

"Usipige goti hapo, mwanangu," Mhina alimwambia upesi. "Patakunasa."

Yusra alibaki katikati, hajasimama wala hajapiga goti.

"Shikamoo, baba," alisema, kwa sauti iliyoishia mdomoni.

"Marahaba. Inuka. Gauni limekupendeza."

"Nikawaambie?"

"Uwaambie nini?"

"Niwaambie wewe ndiye."

Mhina aliipokea sahani kutoka mikononi mwake, kwa uangalifu ili vidole vyake visiiguse hina. Nyuma ya msichana, chini ya turubai, Twaha alikuwa ameacha kula. Alikuwa akiwatazama na tonge la pilau mkononi.

"Nenda kaketi na wenzako," Mhina alisema. "Leo ni siku yako. Usiwageuzie watu mgongo muda mrefu."

Alikwenda. Mhina aliketi juu ya ile ndoo tupu ya rangi akala, kwa sababu kuiacha sahani kungeonekana.

* * *

Mvua haikunyesha siku ile. Zulia halikuhitajika, wala gereji haikuhitajika, na hakuna mgeni aliyeitazama sakafu kwa jicho la pili.

Wageni walipoaga, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mhina alikwenda kufungua geti, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake kila gari linapotoka. Mzee Muhidini alikuwa amesimama na Twaha kando ya gari lao.

"Sisi tunarudi kwa njia ya Handeni, tutokee Turiani," mzee alisema. "Haitakuwa vizuri tupite pale tusimjulie hali mgonjwa. Tuelekeze anapokaa."

"Msijisumbue, mzee wangu. Ni mbali na barabara."

"Mgonjwa hana mbali. Hata kama ni kumpa mkono tu."

"Na giza litawakuta njiani," Twaha alisema. Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena.

Mzee Muhidini aligeuka, akamwona Mhina ameshika komeo la geti.

"Fundi, samahani. Nimekusikia ukiongea, una lafudhi ya Kizigua. Wewe si mtu wa Handeni?"

"Ndiyo, mzee."

"Huyu kaka yake Bwana Twaha, Mzee Mhina, unamfahamu?"

Twaha hakuinua uso kutoka kwenye simu. Kioo chake kilikuwa kimezimika.

"Namfahamu," Mhina alisema.

"Anakaa wapi?"

"Ndani kabisa, mzee. Kwa mvua hizi gari halifiki. Mtakwama."

"Na hali yake ikoje? Umemwona karibuni?"

"Nimemwona."

"Anaumwa nini hasa?"

Mhina alifikiri. Presha hakuwa nayo, na mgongo ulikuwa unamuuma kama unavyomuuma kila mtu aliyelima.

"Hajiwezi tu," alisema.

Mzee Muhidini alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ana mtu wa kumwangalia?"

"Ana mke."

"Ndugu je?"

"Ndugu yupo."

Twaha aligeukia upande wa nyumba.

Mzee Muhidini aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa noti zilizokunjwa, akamshikisha Mhina mkononi bila kujali rangi. "Utakapokwenda huko mpelekee hii. Mwambie wakwe zake wamepita, wamemwombea. Na mwambie siku ya ndoa tunamtaka aje, hata kwa kubebwa. Nitamtuma mtu na gari amfuate. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Na hii ni yako, ya soda. Umefanya kazi tangu asubuhi."

Mhina aliipokea na hiyo kwa mkono wa pili. Alisema asante. Gari likatoka, likashika barabara, na yeye akasukuma geti kwa bega, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na hela.

Twaha alikuwa bado amesimama pale pale.

"Umenisitiri, kaka," alisema.

Mhina alinyoosha ule mkono wenye noti nyingi. "Za mgonjwa hizi."

"Kaa nazo. Ni zako," Twaha alisema. "Ningefanyaje, kaka? Ulikuwa umepiga magoti."

"Najua."

"Tutaangalia siku ya ndoa. Tutaona la kusema."

"Wameniona uso, Twaha."

Mke wa Twaha alimwita mumewe akahesabu viti kabla havijarudishwa, naye akaitika haraka, akaenda.

* * *

Fatu alimkuta ameketi kwenye ngazi ya chumba chao. Alileta kikopo cha mafuta ya taa na kitambaa cha kanga kuukuu, akakaa ngazi ya chini yake, akauchukua mkono wake wa kulia na kuuweka juu ya paja lake. Akaanza kusugua kuanzia kwenye kiwiko kushuka. Rangi ilikuwa imekaza juu ya ngozi, na pale ilipobanduka ilitoka na vinyweleo.

"Inauma?"

"Kidogo."

Uani vijana wa viti walikuwa wanayavuta mabomba ya turubai na kuyarusha ndani ya gari. Yusra alikuwa dirishani mwa jikoni, akiosha vyombo pamoja na hina yake yote, na hakuna aliyemkataza.

"Kumbe Handeni tunaweza kwenda," Mhina alisema. "Ile wiki ya ndoa. Nikawe huko kweli. Mtu akiuliza, liwe si uongo."

"Tukalale wapi? Nyumba ina ukuta?"

Fatu alichovya kitambaa, akasugua katikati ya vidole, kimoja kimoja.

"Na mimi?" alisema. "Watu wameshaniona nawanawisha. Siku ya ndoa ya mtoto niliyemlea nikae wapi? Jikoni?"

"Sijui, Mama Maryamu."

"Na gari wakilituma kweli huko Handeni, wakaulizia kwa watu, wakaambiwa Mzee Mhina yuko Korogwe kwa mdogo wake, analinda geti?"

Mhina aliutazama mkono wake. Ulikuwa mwekundu sasa, umelainika, na kijivu kilibaki kwenye kucha na kwenye mikunjo. Alijaribu kuipata njia ambayo Twaha asingekuwa mwongo, Yusra asingeaibika, na yeye angekuwa pale. Kila alipoikaribia moja, nyingine iliziba.

"Sijui," alisema tena.

Fatu aliukausha ule mkono kwa pindo la kanga yake, akaurudisha magotini pa mumewe, akachukua wa pili.